Tulipobishania Madabodi

Kompyuta yetu iliungua mchana, mteja akiwa amekaa kwenye benchi anasubiri barua yake ya kuomba kazi. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Uliporudi mara ya mwisho skrini ilibaki nyeusi, na nyuma ya kasha ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua. Dada yangu alichomoa waya, akamwomba mteja radhi, akavuta taipureta yake ya zamani na kumchapia barua ile kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hiyo ilikuwa Lindi, miaka ile ya soko huria, ofisi nyingi zilipokuwa zinafungwa au kupunguza watu. Dada alikuwa mchapaji katika ofisi ya ushirika mpaka naye akapunguzwa. Mimi nilikuwa kwa mama, Kilangala, nimemaliza shule na sina mbele wala nyuma. Akaniita mjini. "Njoo tufungue kazi yetu wenyewe," alisema. Tukapanga chumba karibu na stendi, tukaanza na ile taipureta, na baadaye tukapata kompyuta iliyokwisha kutumika, kutoka Dar.

Fundi wetu alikuwa Mmakonde aliyeanza na kutengeneza redio. Aliifungua, akainusa, akatuambia madabodi imekufa, ule ubao mkuu ambao kila kitu kimechomekwa juu yake. Alikuwa anakwenda Dar kufuata vipuri, akataka kujua atuletee ipi. Akaweka mezani mbili mbovu alizokuwa nazo dukani kwake: moja ndogo, karibu mraba, na nyingine ndefu kama sinia.

"Hii ndogo," alisema, "picha na sauti vimo humo humo. Mkipata kasha dogo mnaitia, mnabeba mnakwenda nayo. Ila nafasi za kuongeza kadi, vile vibao vidogo vya kazi za ziada, ni chache. Hii kubwa inataka kasha kubwa kama hili lenu, lakini mkitaka kuongeza kitu kesho na keshokutwa, pa kuchomeka papo."

"Ndogo," dada akasema.

"Kubwa," nikasema mimi, karibu kwa pamoja.

Fundi akacheka, akatuambia twende tukaelewane kwanza.

Hatukuelewana. Nilikuwa nimesikia habari za intaneti kutoka kwa watu waliotoka Dar, na kichwani mwangu chumba chetu kilishakuwa kikubwa, kimejaa wateja. Dada alinisikiliza, kisha akasema, "Unapangia vitu ambavyo hatuna. Ndogo inabebeka."

"Tuibebe kwenda wapi?"

Alichukua ufagio akaanza kufagia chumba alichokwisha kukifagia asubuhi. Siku zilizofuata tulizungumza habari za wateja tu.

Ijumaa, baada ya swala, alikuwa nyumbani amekalia mbuzi anakuna nazi. Akaniambia bila kuinua uso, "Kuna mtu wa Mtama ameleta posa kwa mama."

Nikauliza ni nani. Ni mfanyabiashara wa korosho, alisema, amefiwa na mkewe. Mtu mpole.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimekubali, mdogo wangu."

Dada alikuwa ameachika zamani, na mimi nilishajiwekea moyoni kwamba tutaishi hivyo, wawili, mpaka uzeeni. Alinieleza alichokuwa amekipanga. Msimu wa korosho angeichukua kompyuta akafanye nayo kazi Mtama, maana wakati huo ndipo watu wa kule wana shughuli nyingi. Msimu ukiisha angeirudisha Lindi. "Sikutaka kukuachia kazi peke yako," alisema, "wala sikutaka kuiacha."

Kilichoniuma si posa. Kiliniuma kwamba mama alijua kabla yangu. Lakini kulipokucha nilimkumbuka dada alivyoniita kutoka Kilangala wakati hakuna mwingine aliyeniita, nikajifunga khanga nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Nikamwambia alete ndogo.

Fundi akaweka bisibisi chini. "Dada yako ametoka hapa sasa hivi. Kaniambia nilete kubwa, ndiyo anayoitaka mdogo wake. Kwani nyie hamlali nyumba moja?"

Nilimkuta dada anafungua mlango wa chumba chetu. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa kwenye benchi ya wateja, nami nikakaa pembeni yake. Tulipotulia nikamuuliza, "Huko Mtama, nyumbani kwake, umeme umefika?"

Akanitazama. "Bado."

"Sasa hiyo ndogo ungeichomeka wapi?"

"Mimi nilikuwa nafikiria kubeba," alisema taratibu. "Kuchomeka sikukufikiria."

Basi ikawa kubwa. Yeye angekwenda na taipureta, ambayo haidai umeme. Tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi kama kweli nilitaka nafasi za kadi, au nilitaka tu kitu kizito kisichoweza kuondoka pale mezani. Kadi ya intaneti niliichomeka, lakini baada ya muda mrefu. Nafasi nyingine hazikuwahi kupata kitu. Nilikuwa nikifungua kasha napuliza vumbi, narudishia kifuniko.

Fundi aliporudi kutoka Dar aliifunga madabodi mbele yetu. Kompyuta ikawaka, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kadi za mwaliko wa harusi. Nilitaka kuzichapa mimi, iwe zawadi yangu. Dada akakataa, akavuta kiti akakaa mwenyewe. Aliandika jina la bwana harusi, akalisogeza katikati, akaandika la kwake chini yake, akalitazama kwa muda.

"Ukisimama nyuma yangu siwezi kuchapa," alisema.

Nikahamia upande wa printa, nikawa nazipokea kadi moja moja na kuzipepea ili wino ukauke.