Mfereji wa Pia ya Goti

Kosa ninalotaka kukuonyesha, mwanangu, ni la mkono unaolazimisha kabla ya kuuliza. Nakumbuka siku moja, miaka ya sabini, baba nasi wanawe, Wambulu wa Rhotia, tulipopandisha punda wenye mahindi kutoka kwetu hadi boma moja la Wamaasai huko Ngorongoro, ili tubadilishane kwa mbuzi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani, na vijana wa boma walikuwa wakiruka ndani yake, wakipotea na kurudi kama watu wa ndotoni. Mdogo wangu Safari akajiunga nao.

"Mmbulu anataka kuchungulia kreta!" wakamtania.

Akatua vibaya. Goti likabaki limekunjika, na pia yake, ule mfupa mdogo wa mbele, ikahamia ubavuni mwa goti, upande wa nje. Baba aliogopa mwanawe asije akawa kilema, na hofu yake ikavaa hasira, kama ilivyo desturi ya wanaume.

"Samaki mkunje angali mbichi!" akasema, akiushika mguu aukunje zaidi.

"Mzee wa mahindi," akasema bibi mwenye boma, ambaye wote walimwita Koko, "huyo si samaki. Mwache."

Akachukua goti la nyuma la mbuzi aliyechinjwa asubuhi. Akatuonyesha ncha ya mfupa wa paja: kingo mbili laini, nyeupe kama maziwa, na kati yake mfereji. Akakunja kiungo, akaisukuma pia nje ya ukingo; aliponyoosha, ikateleza mferejini kimya kimya.

"Goti likikunjwa, kano huibana pia nje ya ukingo," akasema. "Likinyooka, kano hulegea, na mfupa hupata njia ya kurudi."

Kisha akakipakata kisigino cha Safari, akaunyoosha mguu taratibu, kidole gumba kikiisukuma pia kwa ndani. Sikusikia sauti yoyote ya mfupa kurudi. Niliona tu uso wa mdogo wangu ukitulia, kama ziwa baada ya upepo. Tulishuka naye akiwa juu ya punda, na baba njia nzima hakumkaripia mtu.

Mwanangu, ulimi laini humtoa nyoka pangoni. Ndugu aliyeiacha njia usimkunje kwa hasira, utambana nje ya ukingo. Mlegezee kwanza, kisha msukume kidogo kuelekea nyumbani. Mfereji wake bado upo. Mungu akujalie mkono mpole, na magoti yasiyokusaliti mlimani. Nawe ukisali, mtaje aliyetufundisha: Koko Nemburis.