Kidogo Kidogo ni Kiasi Gani?

Wiki iliyopita, kwenye duka la dawa Mwanjelwa, bibi mmoja aliweka juu ya kaunta chupa ya dawa ya kifafa ya mjukuu wake.

"Daktari kasema tumpunguzie kidogo kidogo," alieleza. "Basi kila asubuhi nikishachota kijiko, naongeza maji humo chupani."

Foleni nzima tukacheka, mimi kuwashinda wote.

Muuzaji aliinua chupa kwenye mwanga. "Bibi, humu yamebaki maji. Degedege limerudi?"

"Tangu jana, mara tatu."

Muuzaji akamwonyesha bomba dogo la plastiki lenye mistari ya vipimo. "Dawa hupimwa kwa hili. Ila sasa mkimbize hospitali."

Bibi akaligeuzageuza. "Kidogo kidogo ni mstari upi, mwanangu? Hawakuniambia."

Nimetibiwa nchi nne, msomaji, na kote nimeitikia, "Ndiyo, daktari." Swali hilo sijawahi kuliuliza.