Dawa ya Mbwa kwa Paka wa Akello

Wenzangu, nichekeni. Mke wangu Akello ni askari, na tangu apelekwe mpakani, paka wake ndiye anayelala upande wake wa kitanda, hapa nyumbani kwetu Makindye. Viroboto walipozidi nilimpaka paka dawa ya mbwa, nikidhani manyoya ni manyoya. Muda si muda akaanza kutetemeka na kutoa povu. Nilimfunga katika sweta ya Akello, nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo.

"Hii ni sumu kwa paka," daktari alisema akimwosha. "Umemuwahi, atapona."

Hapo Akello akapiga simu ya video. Jinsi nilivyoutamani uso ule!

"Mbona paka amelowa?"

"Tunamwogesha tu, mpenzi."

"Nyabo, mama, mumeo amempaka dawa ya mbwa!" daktari akapaza sauti.

Akello akaniuliza polepole, "Na wewe, nani anakutunza?"