Sauti ya Baba Aziza na Wimbo wa Bure

Mnicheke tu, maana hata leo nikipita kwa Mama Aziza hapa mtaani Mikelenge nainamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano njiani, na chanzo ni wimbo mmoja wa bure.

Kazi yangu ni kuwatilia watu nyimbo kwenye simu. Nina kompyuta moja, spika mbili kubwa na kiburi cha kutosha. Mama Aziza aliniletea kaseti ya miaka ya vita. Mume wake alikuwa amekwama mji wa Punia, njia zimefungwa, akaisema barua yake ndani ya kaseti na kumpa mtu wa baiskeli, humo akambariki mtoto aliyekuwa bado tumboni, kisha yeye mwenyewe hakurudi tena. Mama aliificha miaka yote, akiisikiliza peke yake, ili Aziza aisikie siku ya kuolewa. Nikaihamisha sauti kwenye kompyuta, utepe ukakatika (ulikuwa umechakaa), nikautupa bila hata kumwuliza.

Asubuhi ya harusi nikatamani wimbo mpya wa kuchezea. Nikaingia kwenye tovuti nisiyoijua, nikabonyeza kitufe kikubwa cha kijani, kompyuta ikanionya kwamba hili faili si wimbo, ni programu, kinga ya virusi ikakataa kabisa, nami (fundi mzima) nikaizima kinga kwa sababu ilikuwa inanichelewesha, nikalifungua lile faili.

Basi wazee wamekaa, Aziza amepiga magoti kwenye mkeka anangoja baraka, mama yake akaniambia, "Ramazani, mutoto yangu, weka sauti ya baba yake sasa."

Nikabonyeza. Spika zikapiga king'ora, kisha mwanamke wa tangazo akanipongeza kwa Kifaransa eti nimeshinda simu mpya, nikamfunga, akarudia, nikamfunga tena, akarudia, na mafaili yangu yote, pamoja na ile sauti, yamegeuka herufi zisizosomeka. Nikang'oa waya.

"Ile kaseti iko wapi?"

"Mama, nilitupa."

Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alienda kukaa kwenye mkeka, akaushika mkono wa binti yake.

"Mutoto yangu, niko Punia, sijue kama tutaonana," akaanza, na hapo nikashtuka upya, maana yalikuwa maneno ya kaseti yenyewe. Aliyasema yote hadi mwisho, na pale mume wake alipokohoa akakohoa, pale alipofukuza kuku akafukuza kuku, watu wakalia, nami nikajificha nyuma ya spika zangu.

Siku hizi nyimbo nachukua pale ninapopajua tu, kinga siizimi hata mteja akinuna, na kitu cha mtu nakihifadhi mahali patatu kabla sijagusa chochote. Nimeapa.

Ila jioni ile Aziza alinifuata akauliza, "Kaka Ramazani, weye uliisikia. Sauti ya baba ilikuwa nzito ao nyembamba?"

Nilimjibu ilikuwa nzito. Kusema kweli, siku ya kuihamisha maneno niliyashika, lakini sikio langu lilikuwa kwenye mikwaruzo ya utepe tu, na sauti yenyewe siikumbuki.