Wadudu Niliowahesabu

Mama alipokwenda Buzuruga kumuuguza mama mdogo, aliniachia shamba letu la pamba la karibu na ziwa, ekari moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa. Aliniachia pia kibao chenye matundu na kijiti. Unapita shambani kwa mshazari, unakagua mmea mmoja mmoja, na kila ukiona funza anayetoboa vitumba unasogeza kijiti tundu moja. Kikifika kwenye mstari mwekundu, unapuliza dawa. Kisipofika, unarudi nyumbani.

"Usipulize kwa woga," alisema. "Hesabu."

Funza walikuwa wachache. Lakini majanini kulikuwa na wadudu wengine, weusi, wenye miiba na madoa ya rangi ya chungwa, kama mamba wadogo. Sikuwajua. Mzee jirani yetu alikuwa akipalilia ng'ambo ya mpaka, na ningeweza kumuuliza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kumbe leo meneja ni wewe! Mbona unanong'ona, pamba imelala?"

Nikacheka, nikaona haya kumuuliza, nikainama, nikawahesabu na wale. Kijiti kikavuka mstari. Mmoja nilimtia kwenye chupa ya soda, pamoja na jani lake, nimwonyeshe Mama. Kisha nikavaa bomba la dawa mgongoni, nikapuliza shamba zima.

Kesho yake asubuhi nilisimama shambani nikahisi kama nimeingia kwenye nyumba ambayo watu wamenyamaza ghafla. Nyigu hawakuwepo. Mashinani hakukuwa na sisimizi. Tando za buibui zilikuwa bado zimetanda kati ya mmea na mmea, zimejaa umande, nzima kabisa. Wenyewe walikuwa chini, miguu wameikunja kama ngumi. Niligusa utando mmoja. Ukatikisika. Hakuna aliyekuja kuangalia.

Siku zilivyopita majani yakaanza kung'aa. Niliyageuza: chini yake walikuwa vidukari, wadogo kama chembe za chumvi, wamesongamana, hawaogopi chochote. Mikono yangu ikanata kwa majimaji yao matamu.

Mama alirudi. Hakunigombeza. Aligeuza jani, akageuza jingine.

"Ulihesabu nini?"

Nikaenda kuchukua chupa. Nilikuwa nimeiacha dirishani baada ya mdudu kujibandika kwenye kioo na kukauka, nikidhani amekufa. Sasa palikuwa na gamba tupu, na kando yake alitembea mdudu mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi, yule ambaye tangu utotoni tunamwacha atembee mkononi.

"Huyu ndiye anayekula vidukari," Mama alisema. "Hata akiwa mtoto, mweusi mwenye miiba."

Tukaenda naye shambani. Niliinamisha chupa juu ya jani. Akatoka polepole, akaanza kula. Tulimtazama, ekari nzima kimya, yeye peke yake.

Pamba ya mwaka ule ilifunguka ikiwa na weusi wa ukungu uliomea kwenye majimaji ya vidukari. Niliichuma ikininata vidoleni, mstari hadi mstari, na hakuna utando hata mmoja ulionigusa usoni.