Kadi Iliyosema Mimi Ni Mpishi

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumapili, barua pepe kutoka idara ya uhamiaji ya Kanada iliingia kwenye kompyuta yangu ya kazini, Doha. Naikumbuka dakika hiyo kwa sababu niliiandika pembeni mwa karatasi niliyokuwa nikipigia hesabu ya saruji. Afisa alikuwa na swali moja. Katika ombi langu la ukaazi wa kudumu nilisema nimekuwa mkadiriaji wa gharama za ujenzi kwa miaka kumi na moja. Kadi yangu ya ukaazi wa Qatar, ambayo nakala yake niliiambatisha kwa mkono wangu, ilisema mimi ni mpishi. Nilipewa siku thelathini za kueleza.

Mimi ni Mhindi wa Mombasa, mjukuu wa fundi cherehani. Chuo kikuu sikufika. Ukadiriaji niliusoma kwa vitabu vilivyokuja kwa posta, sura moja kila alfajiri kabla ya kufungua duka la vifaa vya ujenzi nilimoajiriwa kuuza misumari. Mwaka 2004 kampuni moja ya Doha ilinipa ramani mbili nizikadirie, nikafaulu. Lakini viza zake za kazi za ofisini zilikuwa zimekwisha. Zilizobaki zilikuwa za wapishi wa kambi ya vibarua.

"Ni maandishi tu, bhai," karani wa vibali aliniambia, akiniita ndugu kwa Kihindi. Alikuwa mtu wa Kerala, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. "Ingia kwanza. Tutabadilisha."

Hakuna aliyeona ajabu. Msimamizi wetu wa stoo alikuwa seremala kwenye kadi, na kijana wa kompyuta alikuwa fundi bomba. Mlinzi wa jengo nilimopanga chumba, mtaa wa Abu Hamour, Mkenya kutoka Kakamega, alipoiona kadi yangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mpishi! Leo unatupikia nini?"

"Mahesabu."

"Hayo hayashibishi, mzee. Mhindi mzima, Kiswahili unanishinda, na kukaanga yai hujui!"

Utani huo ulidumu miaka. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko na ya ibada huko hata kwa Wakristo, akitoka kanisani Mesaimeer, alinisalimu kwa kuuliza kama wali umeiva.

Ila kadi ya mpishi haikumruhusu mtu kuleta familia. Mke wangu na binti yetu walibaki Mombasa. Binti alikuwa na miaka mitatu nilipoondoka. Nilikaa nao siku thelathini kwa mwaka, na siku mbili za kwanza alikuwa akinionea haya.

Kwa nini sikubadilisha? Miaka mingi nilijibu kwamba karani alinizungusha. Si kweli. Mwaka wa pili aliniita mwenyewe, akasema nafasi imepatikana, nilete shahada iliyogongwa mihuri ya ubalozi. Mimi nilikuwa na vyeti vya posta tu. Niliogopa wakivitazama sana watauliza nani aliniruhusu kukadiria majengo ya ghorofa ishirini. Nikamwambia tuache hadi mwaka ujao. Hakuuliza tena, nami sikumkumbusha. Mke na watoto wa msimamizi wa stoo walifika mwaka uliofuata, baada ya yeye kubadilisha kadi yake. Niliwabebea mizigo uwanja wa ndege.

Kanada ilikuwa njia ya kuizunguka kadi ile. Huko tungeingia wote watatu kwa ombi moja. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na kila mwaka ulioongezeka ulikuwa ukinipunguzia alama ambazo Kanada humpimia mwombaji. Nilisoma masharti mara nne, nikapanga faili kwa vigawanyo vya rangi. Mke wangu alikwenda soko la mitumba la Kongowea akanunua makoti matatu ya baridi, akayatundika kabatini pamoja na vidonge vya kufukuza nondo.

"Nyumba nzima yanuka hospitali," aliniambia kwenye simu. "Lakini wacha inuke."

Baada ya barua ile nilimwendea karani, nikamwomba barua ya kampuni: kadi inasema mpishi, kazi ni ukadiriaji. Alivua miwani.

"Bhai, nikiandika hivyo, kampuni imekiri kuvunja sheria. Kesho mimi ndiye nitakayefunga sanduku. Nina watoto watatu."

Sikumlaumu. Nilikwenda kwenye makabati kutafuta ushahidi wangu mwenyewe. Nilitoa majalada ya shule mbili, maghala ya Al Thumama, hoteli moja. Kila namba ilikuwa yangu. Niliyajua hata makosa niliyoyasahihisha. Lakini chini ya kila ukurasa palikuwa na sahihi ya mhandisi mwenye leseni, kama sheria ilivyotaka. Nilitafuta siku mbili. Katika jengo lile jina langu lilikuwa kwenye karatasi za aina moja tu, nakala za kadi yangu.

Niliandika maelezo ya kurasa nne, ya kweli yote, nikayatuma siku ya kumi na tisa. Baada ya wiki saba jibu lilikuja: afisa hakuridhika kwamba nimeifanya kazi niliyoitaja. Ombi limekataliwa. Nililisoma mara mbili. Kwa karatasi alizokuwa nazo, nami ningeamua hivyo hivyo.

Nilimpigia mke wangu Ijumaa. Nikamsomea jibu lile. Nilisikia redio ya jirani.

"Basi hayo makoti niyafanyeje?" aliuliza.

"Uza."

"La mtoto halimtoshi tena. Mikono imekuwa mifupi."

Sikujua. Kichwani mwangu bado alikuwa na kimo cha likizo iliyopita.

Mlinzi aliniona nikishuka ngazi. Alifungua mdomo aulize habari za wali, akanitazama, akaufunga, akanisogezea kiti chake.

Muuza mitumba aliyachukua makoti yote matatu kwa nusu ya bei. Nilifungua daftari, nikajumlisha ada, mtihani wa lugha, tafsiri, vipimo vya hospitali na makoti, nikatoa alichompa mke wangu. Hasara: riyali 11,460.