Mnyama Kwenye Sarafu ya Kirumi

Nafundisha historia sekondari hapa Bariadi, na starehe yangu ni sarafu za shaba za wafalme wa Roma. Naagiza zile ndogo, chafu, zilizofukuliwa mashambani huko Ulaya. Naziloweka kwenye maji ya mvua, nazisugua kwa mswaki, kisha nasoma herufi kwa lenzi mpaka nijue ni za utawala gani.

Jumamosi moja uchafu ulipotoka nikaona mnyama jike amesimama, chini yake watoto wawili wa binadamu wananyonya. Nilifurahi sana. Ni picha maarufu ya Warumi: mbwa mwitu aliyewanyonyesha waanzilishi wa mji wao. Jirani yangu alikuwa amekuja kuazima ungo, nikampa lenzi naye aone.

Aliangalia kwa muda mrefu. "Mwalimu, huyu fisi ananyonyesha watoto wa watu?"

"Si fisi. Ni mbwa mwitu."

Aliiweka sarafu mezani, akaondoka bila ungo.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, maana nilikuwa naishi na mama yangu. Ni mzee, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Huku kwetu bibi mwenye macho hayo akitajwa pamoja na fisi, huitwa mchawi, na watu hawaulizi zaidi. Wapo waliouawa kwa maneno machache kuliko hayo.

Siku chache baadaye mama alirudi kutoka bombani. "Nimewaamkia mwangaluka, wamenyamaza," akasema. Nikamwambia labda hawakusikia. Kesho yake jioni jiwe lilitua kwenye bati akiwa anachambua mchele uani. Tangu hapo nilikuwa nafundisha huku masikio yangu yako nyumbani.

Jumapili baada ya ibada akaja kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi, na vijana wenye fimbo.

"Mwadila, mayu," akamsalimia mama. Mama akaitikia. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, lete hicho kitu."

Nilipokuwa nampa, sarafu ikanidondoka na kuingia chini ya benchi. Hakuna aliyeinama. Nilipiga magoti mbele yao nikaiokota mwenyewe.

Kamanda akaigeuza kwenye kiganja. "Ina umri gani?"

"Zaidi ya miaka elfu moja na mia sita."

"Mama yako ameishika?"

"Hajawahi hata kuiona."

Akanirudishia. Nilipomsindikiza akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimekuelewa. Lakini siwezi kumlinda dhidi ya kila mtu. Mpeleke kwa ndugu zake leo."

Nikakodi gari tukaenda Shishiyu kwa mjomba. Njiani mama akauliza, "Mwanangu, nimekosa nini?" Nikamweleza yote. Akaiomba sarafu, akaisogeza karibu na macho.

"Mama wa hawa watoto alikuwa wapi?"

"Alinyang'anywa, nao wakatupwa mtoni."

"Basi huyu aliwaokoa," akasema, akanirudishia sarafu.

Yuko Shishiyu hadi leo, na hakuna aliyemgusa. Sarafu zangu nimezifungia shuleni, sijasafisha nyingine. Jirani ameanza tena kunisalimia, nami namwitikia. Mama hunipigia kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, na siku akichelewa, naiacha chai na kumpigia mimi.